Samweli alifungua milango asubuhi

Usomaji: 1 Samweli 3:1-15 na Danieli 1:1-20



Habari ya Samweli mtoto tunaijua vizuri, pengine kuliko makanisa mengine, kwani sisi ni watu wa unabii. Katika mikesha yetu inahubiriwa mara nyingi. Mtoto amelala hekaluni, sauti inamwita, anakimbia kwa mzee Eli, Eli anamwambia arudi alale, na mara ya ine ndipo anajibu Bwana mwenyewe. Watu wanashangilia, ngoma inalia. Lakini angalieni mahali ambapo wahubiri wengi wanafunga Biblia: wanafunga kwenye mstari wa kumi, ao wakienda mbali sana, kwenye mstari wa kumi na ine. Mstari wa kumi na tano hausomwi.

Huo mstari wa kumi na tano unasema nini? Unasema kwamba Samweli alilala mpaka asubuhi, kisha akafungua milango ya nyumba ya Bwana. Ni hayo tu. Mtoto huyu ameitwa usiku mara ine. Amepokea ujumbe mzito sana juu ya nyumba ya mzee aliyemlea, na Biblia inasema aliogopa kumwambia. Kama kuna mtoto aliyekuwa na haki ya kusema asubuhi ile, "Niacheni nilale, usiku Mungu alisema nami," ni Samweli. Lakini milango ilikuwa kazi yake ya kila siku, na wakati wa kuifungua ulipofika, aliifungua. Ono la usiku halikuondoa kazi ya asubuhi.

Ndugu msomaji, ninaandika haya kwa sababu ya geti. Kila mtu anayepita asubuhi mbele ya masomo ya sekondari katika muji wetu wa Lubumbashi, iwe Kenya, iwe Katuba, iwe Ruashi, amewaona. Saa moja na nusu watoto walio ndani wamepanga mistari, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unaimbwa. Na inje ya geti wako wengine, shati nyeupe, suruali ao jupe ya bluu, wamesimama wakimbembeleza sentineli. Kisha direkteri wa nidhamu anakuja. Wengine anawaingiza na kuwapa kazi ya kuokota makaratasi, wengine anawarudisha. Yule anayerudishwa haendi nyumbani, kwani anajua baba atauliza. Basi anakwenda wapi?

Wazazi, mnajua wanakokwenda? Mmoja anakwenda sokoni kusukuma mizigo ya watu. Mmoja anakwenda mahali pa kucheza pari ya mpira. Wengine wanakaa kwenye nyumba isiyomalizika kujengwa, wavulana na wasichana pamoja, mpaka adhuhuri. Wengine wanafuata wakubwa kwenye mashimo ya madini, wanapewa feza kidogo siku ya kwanza, na mtoto aliyeshika feza siku ya kwanza ni vigumu kumrudisha kwenye benchi siku ya pili. Wakati wenzake wanatoka, anajichanganya nao njiani, anaingia katika lupango kaye mkononi. Mama anauliza, "Masomo ilikuwa muzuri?" Anajibu, "Muzuri, mama." Anapewa bukari yake. Namna hii mwaka unakwisha, na siku bulteni inapotoka mzazi analia kama mtu aliyeibiwa usiku.

Tusiseme haraka kwamba ni uvivu. Nimeongea na watoto hao, na sababu zao si za kuchekwa. Maji ni ya kwanza. Katika makartiye mengi ya muji, robine inatoa maji usiku ao alfajiri, kisha inakauka. Nani anasimama kwenye mstari na bidoni saa kumi ya alfajiri? Ni binti wa humanite. Akimaliza maji, anafagia, anawasha makala, anawapikia wadogo wake chai, na katika nyumba nyingine anapika vitumbua vya kuuza kabla ya kuvaa. Kaka yake, ambaye yuko darasa moja naye, bado amelala. Kisha wote wawili wanafika kwenye geti, mmoja amewahi, mwingine amechelewa, na baba anamsifu kijana kwamba ana akili ya masomo! Wapapa, hapo hakuna unabii unaohitajika. Mpeni kijana bidoni moja.

Umbali ni sababu ya pili. Muji umepanuka. Watu wamejenga Kasungami, Kalebuka, Luwowoshi, lakini masomo ambayo wazazi wanayaamini mengi yangali katikati ya muji na katika komine za zamani. Mtoto anatembea saa nzima ao zaidi, ao anagombania bisi na watu wazima wanaokwenda kazini, na konvoyeri anapendelea mtu mzima, kwani mtoto analipa nusu. Mzazi anayeandikisha mtoto mbali sharti ahesabu pia njia, si jina zuri la masomo peke yake.

Na minervali. Hapa nitasema polepole kidogo, kwani watoto wengi wanaonekana wametoroka, kumbe wamefukuzwa. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika artikle ya 43, ilisema masomo ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Tulimshukuru Mungu. Lakini sekondari mzazi angali analipa. Mzigo huu wa kulipa wafundishaji uliwekwa juu ya mabega ya wazazi katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakati mishahara ya Zaire ilipokuwa imekufa na migomo imefunga masomo. Ilisemwa ni kwa muda, na muda ule haujakwisha. Tena hapa Katanga tulipata pigo letu wenyewe. Gécamines ilianguka, na kati ya miaka ya 2003 na 2004 watumikaji wake karibu 10000 waliondoka kwa ile inayoitwa kuondoka kwa mapenzi. Nyumba nyingi za hapa ziliacha kuishi kwa mshahara wa baba wa mwisho wa mwezi, zikaanza kuishi kwa meza ya mama ya kila siku. Mshahara wa mwezi unaweza kulipa minervali. Meza ya kila siku inalipa bukari ya leo, na prefe hapokei bukari.

Kwa hiyo mtoto anayekosa masomo kwa sababu ya deni, msimpige. Lakini mzazi asimtume mtoto kusema uongo kwa prefe, wala asijifiche. Aende mwenyewe, mapema, kabla orodha haijasomwa mbele ya wote, aseme, "Nina sehemu hii, ingine nitaileta tarehe fulani." Maprefe wengi ni wazazi kama sisi. Mtoto aliyetetewa na mzazi wake anasimama wima darasani. Mtoto aliyeachwa peke yake na deni anaanza kuchelewa kwa kusudi, apite wakati orodha imekwisha kusomwa, na baada ya mwezi kuchelewa kumekuwa tabia hata deni likilipwa.

Kati ya sababu zote, iko moja ambayo haitajwi mbele ya kanisa, kwani inazaliwa katika makanisa yenyewe. Ni mikesha na mazoezi ya kwaya.

Sisemi vibaya juu ya kuomba usiku. Bwana Yesu aliomba usiku, na Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane. Nasema juu ya mtoto wa miaka kumi na ine ambaye Jumatano anafanya mazoezi ya nyimbo mpaka saa tatu ya usiku, anatembea gizani kurudi nyumbani, anakula saa ine, na Alhamisi saa kumi ya alfajiri anaitwa kuchota maji. Siku ya Ijumaa kuna mkesha mpaka alfajiri. Wapendwa, Jumamosi ni siku ya masomo! Katika inchi yetu watoto wa sekondari wanasoma siku sita. Mtoto anayetoka mkesha saa kumi na moja, hata akifika darasani, anafika mwili tu. Anasinzia juu ya kaye, mwalimu anamtoa inje, na mtoto anasema, "Nilikuwa naomba." Mwalimu yule atafikiri nini juu ya Mungu wetu?

Turudi kwa Samweli. Milango ya nyumba ya Bwana ilifunguliwa asubuhi. Mkesha unaowafanya watoto kukuta milango imefungwa haufanani na usiku wa Samweli.

Kuna jambo lingine ambalo ni gumu zaidi kulisema. Kila mwaka, Exetat inapokaribia, watoto wanaleta biki zibarikiwe. Desturi hiyo ni nzuri, inampa mtoto moyo, na sitaki iondolewe. Lakini tunajua pia kwamba katika muji wetu wako watu wanaojiita wajumbe wa Mungu, wanaouza mafuta ya mtihani, chumvi ya mtihani, maji ya mtihani. Wanamwambia mtoto aliyekosa darasa miezi mitatu kwamba malaika atamwandikia. Mtoto anaamini. Mama anatoa feza ambayo ingelipa minervali. Kisha matokeo yanatoka, jina halimo, na mtoto anaacha masomo na kanisa siku moja.

Sasa someni Danieli sura ya kwanza, taratibu. Danieli alikuwa nani? Alikuwa mwonaji mkubwa. Alifasiri ndoto za wafalme, aliona mambo ya siku za mwisho. Hakuna mtu katika kanisa letu atakayesema kwamba anaona kuliko Danieli. Na mtu huyu alikaa darasani miaka mitatu! Mfalme Nebukadneza alichagua vijana wa Israeli, akaagiza wafundishwe maandiko na lugha ya Wakaldayo, miaka mitatu kamili, na mwisho wake wasimame mbele ya mfalme. Haya, kama hiyo si programu ya serikali na mtihani wa serikali mwisho wake, ni nini? Lugha haikuwa ya kwao. Majina yao yalibadilishwa. Walimu walikuwa wapagani. Hata chakula waliacha cha mfalme, wakaomba mboga na maji. Watoto wetu wanaokwenda masomo na sombe ya jana tumboni wasifikiri kwamba Danieli alikula nyama.

Mstari wa kumi na saba unasema kwamba Mungu ndiye aliyewapa maarifa na ujuzi. Ndiyo, ni Mungu. Lakini aliwapa ndani ya ile miaka mitatu, hakuwapa asubuhi ya mtihani. Mfalme alipowauliza, aliwaona wanapita waganga wote wa ufalme wake mara kumi. Angalieni vizuri ni nani waliopitwa: waganga na wachawi, watu wa dawa! Waliopita ni wale walioketi miaka mitatu na kuomba. Mungu alibariki kitu kilichokuwepo. Sisi tunamletea Mungu biki. Je, tunamletea na kaye iliyojaa?

Wapendwa, nabii asiyependa elimu simjui katika inchi yetu. Wote tunamheshimu Simon Kimbangu, hata sisi tusio Wakimbanguiste, na sisi wa Lubumbashi tuna sababu zaidi ya kumkumbuka. Alisoma kwa wamisionari wa Kibatisti kule Ngombe-Lutete, akabatizwa mwaka 1915, akawa mkatekisti, mtu wa kitabu. Kazi yake ya unabii ilianza mwezi wa ine wa mwaka 1921, na mwezi wa kumi wa mwaka uleule alikuwa amekwisha kuhukumiwa kufa. Mfalme wa Ubelgiji aligeuza hukumu ikawa kifungo cha maisha, akaletwa hapa kwetu, Élisabethville ya wakati ule, akafungwa miaka thelathini mpaka kufa kwake tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Na waliomfuata walifanya nini? Katika miaka ya 1950 watoto wao walikuwa wakifukuzwa kwenye masomo ya misioni kwa sababu ya imani ya wazazi. Hawakusema, "Basi, maombi yanatosha." Walianza masomo yao wenyewe. Ndiyo maana tarehe 26 mwezi wa pili 1977, wakati serikali ya Zaire iliporudishia makanisa usimamizi wa masomo iliyoyachukua mwaka 1974, Wakimbanguiste walikuwa mezani pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti. Kanisa la nabii lilipewa kusimamia masomo ya watoto wa inchi! Hilo ni jambo kubwa. Kuna wazee walioteseka ili mtoto wa mfuasi wa nabii aweze kupita kwenye geti bila kuulizwa anasali wapi. Leo geti liko wazi mpaka saa moja na nusu, na mtoto wetu anafika saa mbili.

Watoto, sasa ninaongea nanyi. Mnasema, "Ni nusu saa tu." Haya, tufanye hesabu, ninyi mnaijua kuliko mimi. Nusu saa kila siku, siku sita, ni saa tatu kwa wiki. Chukua wiki thelathini za masomo, ni saa tisini. Siku moja ya darasa ni karibu saa tano. Kwa hiyo wewe wa nusu saa tu umekosa siku kumi na nane, wiki tatu nzima, bila kuugua hata siku moja. Na si saa zozote. Wafundishaji wengi wanapenda kuweka hesabu na fizika asubuhi, wakati kichwa bado ni baridi. Kisha unasema hesabu ni ngumu, umerogwa na shangazi. Shangazi yuko shambani kwake, hana habari.

Mnakumbuka mwaka 2020. Mwezi wa tatu masomo yalifungwa katika inchi nzima kwa sababu ya Korona. Wale wa mwaka wa mwisho walirudi mwezi wa nane. Kisha mwezi wa kumi na mbili yakafungwa tena, mpaka tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Wakati ule mlilia mkisema mnataka darasa. Wenzenu wengi hawakurudi. Wasichana walipata mimba, wavulana walizoea feza ya barabarani. Walichopoteza si kozi tu, ni mazoea ya kuamka. Mazoea hayo yanapotea upesi sana, na kuyarudisha ni kazi ya mwaka.

Msione haya kuhusu mtu anayechelewa kwa sababu ya maji na wadogo zake. Lakini wewe unayechelewa kwa sababu simu ilikuwa mkononi mpaka saa sita ya usiku, usiandike jina lako kwenye orodha ya maskini. Na wewe unayechelewa kwa kupenda, ili upite geti mbele ya watu wote wakikutazama na soksi zako, sitaki hata kuongea nawe leo, nitakutafuta Jumapili.

Kwa mchungaji na kwa viongozi wa kwaya nina maombi matatu, nayaandika hapa ili yasipotee. Mazoezi ya siku za masomo yamalizike saa kumi na mbili ya jioni, mtoto afike nyumbani kabla giza halijaingia sana. Anayechelewa kuanza asisukume mwisho. Mkesha wa vijana uhamishwe kutoka Ijumaa kwenda Jumamosi usiku, kwani Jumapili asubuhi wako nasi hapa hapa, na akisinzia atasinzia juu ya bega la mama yake. Na tangu Pasaka mpaka mwisho wa Exetat, wale wa mwaka wa mwisho waachiliwe na kazi zote za usiku. Nimesikia kwamba sauti za bass zitapungua. Zipungue, zitarudi mwezi wa saba.

Kuhusu baraka ya biki, itafanyika kama kawaida. Lakini mwaka huu mashemasi wanaomba kila mtoto aje na biki, na bulteni yake pia, na mzazi mmoja. Hatutaangalia alama. Tutaangalia mstari wa konduite na ule wa aplikasio, na tutamwuliza mzazi swali moja tu: mtoto huyu anatoka nyumbani saa ngapi? Mzazi asiyejua jibu atakaa kidogo na Mama Shemasi upande wa kulia, karibu na dirisha, ambapo wenye lupango jirani na masomo wamekubali kupokea watoto wanaotoka mbali siku za mtihani. Walete na blanketi.